Kuasili, IVF au ulezi: sababu yenu ndiyo iwachagulie njia

Wanandoa wengi hufika kwa afisa ustawi wa jamii na swali moja: tufanye nini tupate mtoto? Afisa anayeijua kazi yake halijibu papo hapo. Huwauliza kwanza kwa nini wanamtaka mtoto, na siku nyingine huzungumza na kila mmoja peke yake. Hapo ndipo majibu mawili hujitokeza. Mke anasema anataka kulea. Mume anasema amechoka kumwona mkewe akilia kila mwezi. Jibu la mume limetoka kwenye mapenzi, wala halina ubaya, ila mtoto hayumo ndani yake. Ikifika wiki ya tatu mtoto halali usiku, na mke bado analia, mume atakuwa hana sababu yake mwenyewe ya kuamka.

Kwa hiyo hapa hatuanzi na gharama wala urefu wa foleni. Tunaanza na sababu. Wanandoa wengi wanaoumia katika jambo hili hawakukosa moyo. Walikuwa na sababu njema, wakaipeleka kwenye njia isiyoifaa.

Njia zenyewe kwa ufupi

IVF ni kurutubisha yai nje ya mwili, maabara. Kuasili ni kumfanya mtoto aliyezaliwa na wengine awe wenu kwa amri ya mahakama. Malezi ya kambo ni kumtunza mtoto kwa muda bila kuwa mzazi wake kisheria. Kafala ni ulezi wa Kiislamu usiobadili nasaba ya mtoto.

| | IVF | Kuasili | Malezi ya kambo | Ulezi wa kisheria au kafala |
|---|---|---|---|---|
| Mtoto ni wa nani kisheria | Wenu tangu kuzaliwa | Wenu kuanzia amri ya mahakama | Wa wazazi wake au wa serikali | Wa wazazi wake. Nyinyi ni walezi |
| Jina na urithi | Kama mtoto yeyote | Kama mliyemzaa, katika nchi nyingi | Havibadiliki | Jina hubaki lake. Hupata kwa wasia au zawadi |
| Anaweza kurudi kwao? | Swali hili halipo | Hapana, isipokuwa amri itenguliwe | Ndiyo, na mara nyingi ndilo lengo | Inawezekana, mahakama ikiona inafaa |
| Kinachoweza kukwama | Mimba kutoshika au kutoka | Ridhaa, nyaraka, mtoto kutozoea | Kumpenda kisha kuagana | Ndugu kubadili nia |

Watu huchanganya sana kuasili na kumchukua mtoto nyumbani. Kuishi naye miaka 10, kumsomesha na kumwita kwa jina lenu hakumfanyi awe mwanenu kisheria. Pasipo amri ya mahakama, mkifariki ndugu zenu wanaweza kumtoa ndani ya nyumba kabla matanga hayajaanuliwa, na huenda akakosa pa kushtaki. Kama mnaishi na mtoto kwa namna hiyo sasa hivi, hilo ndilo la kushughulikia kwanza kabla ya jingine lolote katika makala haya.

Mimba haiji

Hii ndiyo sababu inayowaleta wengi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba takribani mtu 1 kati ya 6 hupitia ugumba katika kipindi fulani cha maisha. Kitabibu ni ugumba pale mimba isiposhika baada ya miezi 12 ya kukutana bila kinga. Mwanamke aliyevuka miaka 35 asingoje mwaka, aende baada ya miezi 6. Na waende wote wawili. Tatizo la upande wa mwanamume huchangia karibu nusu ya visa, na kipimo cha mbegu za kiume ni chepesi kuliko vipimo vyote vya mke, lakini ndicho kinachoachwa hadi mwisho. Wapo wanaoomba kuasili kabla mume hajapima. Ni vema warudishwe wakapime, maana swali lisilojibiwa hospitali litawafuata hadi kwenye chumba cha mtoto.

Tangu mtoto wa kwanza wa IVF azaliwe Uingereza mwaka 1978, njia hii imepiga hatua kubwa. Mzunguko mmoja huenda hivi: sindano za kukuza mayai kwa siku 8 hadi 14 hivi, mayai yanavunwa, yanarutubishwa maabara, kiinitete kinapandikizwa siku ya 3 au ya 5, kisha mnangoja takribani wiki 2 kupima. Kinachoamua zaidi ni umri wa yai. Kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35, kupandikizwa kiinitete mara moja kwa kawaida huleta mtoto katika theluthi moja hadi nusu ya majaribio. Akifika miaka 43 au 44 kwa mayai yake mwenyewe, nafasi hubaki asilimia chache tu. Dawa ni sehemu kubwa ya gharama, na hununuliwa upya kila mayai yanapovunwa. Mkipanga bajeti ya mzunguko mmoja mmepanga nusu ya safari, na wengi hujua hilo wakiwa tayari wameuza kitu.

Kuasili hakuangalii umri wa yai, ila kunaangalia umri wenu. Sheria nyingi huweka umri wa chini wa mwombaji na tofauti ya miaka kati yake na mtoto, na baadhi huweka ukomo wa juu. Hapa ndipo wengi hukwama pasipo kutarajia: wanamaliza miaka 6 kwenye IVF, wanageukia kuasili, wanakuta mmoja wao ameshavuka kikomo au anaruhusiwa mtoto mkubwa tu. Ulizeni ukomo huo kabla ya mzunguko wa kwanza, si baada ya wa nne.

Ushauri wetu hapa ni mkali kidogo. Kabla hamjaanza IVF, andikeni idadi ya mizunguko na kiasi cha fedha mtakachokoma nacho, mweke sahihi wote wawili. Ukiwa katikati, kila kushindwa hukushawishi ujaribu mara moja tu zaidi. Wala msiziendeshe njia hizi mbili kwa pamoja mkidhani mnaokoa muda. Huduma nyingi za kuasili hutaka tiba isimame kwanza, mara nyingi miezi 6 au zaidi, na zina hoja ya msingi: mimba ikishika wakati mtoto ameshaoneshwa picha zenu na kuambiwa hawa ndio mama na baba, yupo atakayerudishwa, naye ni mtoto aliyewahi kuachwa.

Kuna pia imani kwamba ukichukua mtoto kizazi hufunguka. Hutokea kwa baadhi, kama inavyotokea kwa baadhi ya wasioasili. Kuasili hakuongezi nafasi ya mimba, na mtoto aliyeletwa ili afungue mlango wa mwingine hulijua hilo mapema kuliko mnavyofikiri.

Kuzaa si kazi, kazi kulea, wahenga walisema, na katika kuasili methali hiyo ni ya kweli kabisa. Lakini wapo watu ambao kiu yao hasa ni kuzaa: tumbo, teke la kwanza, sura ya marehemu mama ikirudi kwenye uso mdogo. Si dhambi kutaka hayo. Ila kuasili hakuyatoi hata moja. Kila mmoja aandike kwenye karatasi yake vitu vitatu anavyovitamani katika kuwa mzazi, kisha mbadilishane karatasi. Mkiona ujauzito au damu umekaa juu ya karatasi zote mbili, ombolezeni kwanza, hata mwaka mzima, ndipo mwende ustawi wa jamii.

Ugonjwa

Wazazi wote wawili wakibeba kinasaba cha selimundu (sikoseli), kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Kila mimba, tena upya: kuwa na wawili wazima hakumlindi wa tatu. Wanandoa hawa wana njia tatu. Wanaweza kufanya IVF na kupima vinasaba vya kiinitete kabla ya kukipandikiza, kupima mimba ikiwa changa, au kuasili. Mbili za mwanzo huwaleta mahali pa kuamua nini kifanyike kipimo kikija vibaya. Kama dini au dhamiri yenu haiwaruhusu kutupa kiinitete wala kutoa mimba, semeni hivyo kwa daktari mapema, maana kwenu njia ni moja.

Mwanamke mwenye presha kubwa ya mishipa ya mapafu au moyo uliochoka sana anaweza kufa kwa mimba. Kwake kuasili ni chaguo la busara, na mume anapaswa kuwa wa kwanza kulitamka, ili mke asibebe peke yake lawama ya ukoo.

VVU ni habari nyingine. Peke yake, leo, si sababu ya kuacha kuzaa. Mama anayetumia dawa vizuri hupunguza uwezekano wa kumwambukiza mtoto hadi chini ya asilimia 5, na akianza dawa kabla ya mimba hushuka zaidi. Wanaochagua kuasili kwa hofu hiyo wazungumze kwanza na kliniki.

Kumsaidia mtoto asiye na kwao

Huruma ni mwanzo mzuri na ni nguzo dhaifu. Huisha. Zaidi ya hayo, watoto wengi walio kwenye makao wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Kilichowapeleka pale ni umaskini, ugonjwa au ndoa iliyovunjika. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1989, kifungu cha 20, unapotaja malezi mbadala unaorodhesha malezi ya kambo, kafala na kuasili kwa pamoja, na si kuasili peke yake. Kama mnachotaka kwa dhati ni mtoto fulani asilale kituoni, malezi ya kambo huenda yakamfaa zaidi: mnamtunza miezi au miaka huku mama yake akisimama tena. Inauma kumrudisha. Ndiyo kazi yenyewe.

Mnaotaka mtoto awe wenu siku zote chagueni kuasili, na acheni kabisa lugha ya kuokoa. Mtoto anayeambiwa alitolewa shimoni huanza kuishi kama mdaiwa, na akifika miaka 14 hulipa deni hilo kwa hasira.

Mtoto wa ndugu, mtoto wa mwenzi

Kwa mtoto wa marehemu dada au kaka, ulezi wa kisheria mara nyingi hutosha. Unawapa mamlaka ya shule, hospitali na pasi ya kusafiria, naye anabaki mwana wa aliyemzaa. Kuasili hupindua nasaba kwenye karatasi: bibi akimwasili mjukuu, mama mzazi anageuka kuwa dada yake. Chagueni kuasili hapa pale tu kuna hatari ya mtu kumdai mtoto au kumnyima mali.

Kumwasili mtoto wa mwenzi wako hukata haki na wajibu wote wa mzazi yule mwingine, pamoja na matunzo anayotoa. Msifanye kwa kumkomoa.

Kwa Waislamu njia iliyo wazi ni kafala. Mtoto hubaki na jina la baba yake, hawarithi nyinyi kwa mafungu ya mirathi ya Kiislamu, lakini mnaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi moja ya mali au kumpa zawadi mkiwa hai. Suala la umahramu, yaani undugu unaozuia kuoana na unaoruhusu kukaa pamoja bila stara, huwasumbua wengi mtoto akibalehe, na dawa yake hutayarishwa akiwa mchanga. Akinyonyeshwa kabla ya kutimiza miaka 2, kwa madhehebu ya Shafi mara tano zilizotengana, na mke mwenyewe au dada wa mke, mtoto wa kiume huwa mahramu kwa mama mlezi. Kwa wa kike, dada wa mume akimnyonyesha, mume huwa mjomba wake. Panga hilo na mwanachuoni kabla mtoto hajaingia nyumbani, si akiwa na miaka 3.

Sababu zinazovunja

Kuokoa ndoa. Kumpa mtoto wa pekee mwenza wa kucheza. Kupata mikono ya kazi. Hizi hazihitaji maelezo marefu; afisa akizisikia anafunga faili, na anafanya sawa. Moja tu inahitaji upole, nayo ni kufiwa na mtoto. Wazazi waliofiwa huja wakitaka wa jinsia ileile, umri uleule, na wakati mwingine wanataka kumpa jina lilelile. Hao si watu wabaya. Lakini mtoto anayewekwa kwenye nguo za marehemu hushindana na mtu ambaye hatakosea tena. Ngojeni hadi mtakapoweza kumtaka mtoto wa jinsia nyingine.

Mchanga au mkubwa

Hapa ndipo chaguo lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, na ndipo takwimu zipo. Baada ya hali mbaya ya makao ya watoto ya Romania kujulikana duniani mwaka 1990, watafiti wakiongozwa na Michael Rutter waliwafuatilia watoto 165 waliotoka Romania, wengi wao kwenye makao hayo, na kuasiliwa Uingereza. Waliotoka kabla ya kutimiza miezi 6 walikua karibu sawa na watoto wengine walioasiliwa ndani ya Uingereza. Miongoni mwa waliokaa zaidi ya miezi 6 katika hali ile mbaya, wengi walibaki na matatizo ya umakini na mahusiano kwa miaka mingi, ingawa wapo waliosimama vizuri kabisa. Utafiti mwingine uliofanyika Bucharest, mji mkuu wa Romania, uliwachukua watoto 136, ukalinganisha waliobaki kwenye makao na waliopelekwa familia za malezi ya kambo. Waliopata familia kabla ya miaka 2 walifaidika zaidi.

Wengi wakisoma hivyo huamua: basi mchanga. Subirini kidogo. Foleni ya wachanga huwa ndefu kuliko zote, na mchanga huja na mambo yasiyoonekana bado. Pombe aliyokunywa mama wakati wa ujauzito huweza kudhihirika mtoto anapoanza shule. Kipimo cha VVU cha kingamwili si cha kutegemewa kabla ya miezi 18, kwa sababu mtoto hubeba kingamwili za mama. Ombeni kipimo cha PCR kinachotafuta kirusi chenyewe. Tumeona wanandoa wakimkataa mtoto asiye na VVU kwa majibu ya kingamwili ya miezi 4, na hilo ni kosa la kusikitisha kwa pande zote.

Mtoto wa miaka 5, kwa upande mwingine, mnamwona alivyo. Anaongea, anacheza au hachezi, historia yake imeandikwa. Kuvunjika kwa uasili huongezeka kadiri umri wa mtoto unavyopanda, hilo ni kweli, ila mara nyingi wazazi walikuwa wamejiandaa kwa mtoto mchanga moyoni mwao. Wiki za kwanza huwa hivi: mtoto ni mpole ajabu, anaosha vyombo bila kuambiwa, anamwita kila mgeni mama. Mnasifiwa. Kisha baada ya mwezi au miwili mnakuta vipande vya mkate mkavu chini ya godoro, na siku hiyohiyo anavunja kitu makusudi huku akiwatazama usoni. Wengi hudhani ameharibika. Ameanza kuwaamini, na anapima kama mtamrudisha. Mkate msimnyang'anye wala msimhutubie: wekeni bakuli la chakula mahali anapofikia, lisiwe tupu usiku wala mchana, na akiba ya chini ya godoro itapungua yenyewe kwa miezi kadhaa. Kwa kitu alichovunja, adhabu iwe ndogo, ya papo hapo, na isiwe kamwe ya kumtoa chumbani au kumtishia kituo.

Kama kazi zenu haziwaruhusu mmoja kukaa nyumbani miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, mtoto mkubwa atawashinda. Mchanga naye atahitaji mikono miwili tu ya kumlisha na kumbembeleza, si mikono ya kila mtembeleaji, hadi ajue harufu ya nani ni ya kwake.

Ndani ya nchi au nje

Mkataba wa Hague wa tarehe 29 Mei 1993, unaohusu kuasili kati ya nchi na nchi, umeweka mpangilio: familia ya mtoto kwanza, kisha familia ndani ya nchi yake, nje iwe mwisho. Unataka ridhaa ya mama itolewe baada ya kujifungua tu, na hauruhusu mtu kufaidika isivyo halali. Kinacholipwa ni gharama halisi na ada za kitaalamu zenye kiasi. Tumieni masharti hayo kama kipimo hata mkiasili mtaa wa pili. Mtu anayewaletea mama mjamzito aliyekwisha kukubali, au anayetaka fedha taslimu bila risiti ili faili liende haraka, anauza mtoto. Ondokeni, hata kama mtoto mmeshamwona.

Siri au uwazi

Kizazi kilichopita kiliona siri ni ulinzi. Siku hizi kipimo cha vinasaba hununuliwa kwa mtandao, na shangazi mmoja akikasirika msibani yote hutoka. Mtoto anayejua akiwa na miaka 17, kwa mdomo wa mtu mwingine, haumizwi na kuasiliwa kwake bali na miaka 17 ya kudanganywa. Kifungu cha 7 cha mkataba ule wa 1989 kinampa mtoto haki ya kuwajua wazazi wake kadiri inavyowezekana.

Anzeni kabla hajaelewa, mkiwa mnambadilisha nepi, ili neno kuasiliwa lizoee midomo yenu kwanza. Akiwa na miaka 3 au 4 inatosha kumwambia: ulikua kwenye tumbo la mama mwingine, yeye hakuweza kukulea, sisi tulikuwa tunakutafuta. Msimtukane mama huyo mbele yake, na msimpambe kwa sifa msizozijua. Siku ya kukabidhiwa mtoto, kabla hamjaondoka kituoni, ombeni kwa maandishi mahali na saa aliyozaliwa, uzito wake, chanjo, nani alimpa jina, na mwombeni mlezi aliyemzoea picha pamoja na kipande cha nguo au shuka yake, isiyofuliwa. Wafanyakazi wa makao hubadilika na mafaili hupotea. Amri ya mahakama ikitoka, toeni nakala nne zilizothibitishwa kabla ya kuifungia: ya cheti kipya cha kuzaliwa, ya shule, ya pasi, na moja kwenye bahasha yenye jina lake, itakayomngoja pamoja na ile shuka.